Mrejesho: paneli ya mashine ya kuchomelea kwa TIG na fimbo, ncha ya tungsteni haigeuki nyeusi tena

Ndugu mafundi, niliwauliza kwa nini ncha ya tungsteni (sindano ya tochi ya TIG inayotoa tao, yaani mwako wa umeme unaoyeyusha chuma) hugeuka nyeusi na mwisho wa mshono hubaki na kishimo ninapochomelea mabomba ya chuma kisichoshika kutu katika karakana yetu ya Unga Limited, Arusha. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu, hasa mzee wetu aliyesisitiza nitazame muda wa gesi kabla ya kugusa ampea (kiasi cha mkondo wa umeme).

Alikuwa sahihi kabisa. Muda wa gesi baada ya tao kuzimika ulikuwa sekunde 1 tu tangu mashine itoke dukani, kwa hiyo argoni, gesi inayokinga chuma cha moto dhidi ya hewa, ilikatika wakati tungsteni ingali nyekundu, na hewa ikaiunguza. Sasa nimeweka sekunde 7 kwa ampea 65, kwa kufuata kadirio la sekunde 1 kwa kila ampea 10, na ncha inabaki inang'aa. Kishimo nacho kimetoweka baada ya kurefusha muda wa kushusha mkondo, kwa sababu chuma kilichoyeyuka hupoa polepole badala ya kukatiwa moto ghafla. Kwa mishono mirefu nimehamia 4T (unabonyeza kitufe cha tochi na kukiachia, na tao linaendelea hadi ubonyeze na kuachia tena), ambayo huupumzisha mkono.

Ninapogeuza swichi kwenda kwenye uchomeleaji wa fimbo (elektrodi inayoyeyuka yenyewe), ninahamisha pia nyaya: tochi ya TIG hukaa kwenye hasi, lakini kishikio cha fimbo za aina ya 7018 hukaa kwenye chanya. Paneli haikumbushi jambo hilo, na naona watengenezaji wangepaswa kuliandika waziwazi. Kirekebishi cha nguvu ya tao sijakigusa, kwa kuwa fimbo za aina ya 6013 za milimita 2.5 zinawaka vizuri kwenye mageti kwa ampea 80.