Kurekodi mihadhara: je, sauti pekee inatosha?

Swali (mhadhiri, Kampala)
Ndugu walimu na wanafunzi, nawasalimu. Ninafundisha takwimu mwaka wa pili, darasa la jioni, na muhula huu nimekuwa nikirekodi mihadhara kwa simu ninayoiweka mezani. Nilikusudia kuwasaidia wanaochelewa kutoka kazini, lakini nilipoisikiliza rekodi moja nilisikia viti vikiburutwa, mvua ikipiga mabati, na sauti yangu ikififia kila nilipougeukia ubao. Aidha, mwenzangu ananionya kwamba nikiendelea hivi ukumbi utabaki mtupu. Ninyi mnafanyaje?

Jibu (mhadhiri, Mbarara)
Mwalimu mwenzangu, simu yako iko mbali na kinywa chako, basi. Tafuta maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, ichomeke kwenye simu, kisha tia simu mfukoni. Utaweza kuugeukia ubao upendavyo. Video achana nayo. Sauti iliyohifadhiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 14 kwa saa, ilhali video ya megabiti moja tu kwa sekunde hufikia 450, na mwanafunzi ndiye anayenunua bando, ambalo tangu Julai 2021 linatozwa ushuru wa asilimia 12. Kuhusu mahudhurio, mimi hupandisha rekodi baada ya siku tatu, ili asiwepo wa kuitegemea badala ya kuja.

Jibu (mwanafunzi wa jioni)
Kwa heshima, Mwalimu wa Mbarara, siku hizo tatu zinatuumiza sisi tusiokosa kwa kupenda. Mimi natoka dukani saa kumi na mbili, na mara nyingi kipindi kinaanza taksi yetu ikiwa bado imekwama kwenye foleni ya Kireka. Hapo ndipo ninaposikiliza mhadhara uliopita, spika moja sikioni na sikio la pili nikimwachia kondakta. Nakiri kwamba muhula uliopita nilibaki nyumbani mara mbili kwa kujua rekodi ipo, na usiku wa kuamkia mtihani nikajikuta na saa nne za kusikiliza, sikurudia tena.

Kinachonikwamisha zaidi ni maneno kama “mnaona mstari huu unavyopanda”. Sioni chochote, Mwalimu! Tafadhali tamkeni mnachoandika, mpige picha ubao kabla haujafutwa, na mkate rekodi kwa mada, kwani kutafuta maelezo ya dakika kumi kuhusu sampuli ndani ya faili la saa mbili ni adhabu.

Jibu (mkutubi)
Naongeza jambo moja ambalo husahaulika. Sauti ya mwanafunzi anayeuliza swali nayo imo katika rekodi, na Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inamhusu yeye pia. Waarifuni wanafunzi mwanzoni mwa muhula na muwaombe idhini. Asiyeridhia, simamisheni kurekodi anapouliza, kisha mrudie swali kwa maneno yenu, jambo ambalo pia humfaa msikilizaji wa kwenye taksi. Faili ziwekwe katika mfumo wa masomo wa chuo, kwa sababu za WhatsApp hupotea simu inapoibwa.

Mwuliza swali
Nashukuru. Maikrofoni nitainunua wiki hii, na rekodi nitaipandisha usiku uleule, pamoja na picha za ubao. Mwalimu wa Mbarara, je, waya hausugui shati na kuleta kelele?