Slipu inasoma 900,000, NSSF wanaona 400,000, benki inaingia 693,500: tofauti inaenda wapi?

Chanika_2 – 6 Mei 2024
Wakuu, naombeni msaada wa kusoma hizi namba. Kampuni binafsi Dar, wafanyakazi kama 60. Mkataba wa maandishi unasema mshahara 900,000 kwa mwezi, haujagawanywa. Slipu za Februari, Machi na Aprili zinafanana: ghafi 900,000, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 90,000, PAYE (kodi ya mshahara) 80,500, mkononi 729,500.

Benki imeingia 693,500 miezi yote mitatu. Hakuna mkopo, SACCOS, Bodi ya Mikopo wala ada ya chama cha wafanyakazi. Taarifa ya michango NSSF inaonyesha mshahara 400,000 na mchango 80,000 kwa Februari na Machi. Aprili haipo kabisa. HR anasema NSSF inakatwa kwenye "basic", yaani mshahara wa msingi bila posho. Nani mkweli hapa, na naanzia mlango gani?

Kokotoo – 6 Mei 2024
Slipu yenyewe haina kosa. NSSF 10% ya 900,000 ni 90,000. PAYE hukokotolewa baada ya kutoa mchango huo, kwa hiyo kodi ni ya 810,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara, kuanzia 760,000 hadi milioni 1 ni 68,000 jumlisha 25% ya kinachozidi 760,000. Kilichozidi ni 50,000, robo yake 12,500, jumla 80,500. Mkononi 729,500. Aliyeitengeneza slipu anajua kazi yake.

Sasa hiyo 36,000 inayopotea njiani. Ni 4% kamili ya 900,000. SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) ni 3.5% (31,500) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) ni 0.5% (4,500). Jumla yake 36,000. Nina shaka kubwa kwamba unalipishwa tozo za mwajiri, na kwa sababu si halali kukukata wewe, hazikuandikwa kwenye slipu. Namna ya kuthibitisha: mtafute mwenzako anayelipwa 600,000. Kama kwake pengo kati ya slipu na benki ni 24,000, huna haja ya kuuliza zaidi.

Hoja ya "basic" inajipinga yenyewe. Kama msingi ni 400,000, kwa nini slipu imekukata 90,000 na siyo 40,000? Halafu tazama hili: mchango uliofika NSSF, wako na wa mwajiri kwa pamoja, ni 80,000. Wewe peke yako umekatwa 90,000. Maana yake mwajiri hajachangia hata shilingi, na 10,000 yako amebaki nayo. Iliyotakiwa kufika ni 180,000. Pengo ni 100,000 kwa mwezi, 200,000 kwa Februari na Machi. Aprili usiihesabu bado, mwajiri ana mwezi mmodi baada ya mwezi husika kuisha ili awasilishe.

Kilichopelekwa TRA (mamlaka ya mapato) usikihukumu kwa namba za NSSF. Wapo wanaoripoti 400,000 kote. Hapo, baada ya kutoa NSSF ya 40,000 na sehemu isiyotozwa kodi, inabaki 90,000; PAYE inayofika ni 8% yake, yaani 7,200, na 73,300 yako inabaki ofisini. Lakini wapo wanaoripoti 900,000 TRA kwa sababu mshahara ni gharama inayopunguza faida inayotozwa kodi, kisha NSSF wanapeleka namba ndogo. Omba kwa maandishi cheti cha kodi iliyozuiwa cha mwaka jana. Mwajiri anatakiwa kukupa ifikapo 30 Januari.

KaziNaSheria – 7 Mei 2024
Kokotoo amemaliza hesabu. Mimi naongeza milango, maana watu wengi hupeleka kila kitu CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) na kurudi mikono mitupu.

Michango pungufu ni ya NSSF, ofisi inayohudumia kampuni yenu. Nenda na slipu zote, mkataba, taarifa ya michango na taarifa ya benki yenye muhuri. Slipu ndiyo silaha, kwa sababu inaonyesha kwamba pesa ilikatwa. Wakaguzi wao wana mamlaka ya kufungua vitabu vya mishahara, na ukaguzi ukifanyika unawagusa wote 60, jina lako halilazimiki kutajwa. Usilichukulie pengo hili kama la mwezi mmoja tu: pensheni inadai michango ya miezi 180, na inakokotolewa kwa mshahara uliochangiwa.

Ile 36,000 ni ya CMA, fomu namba 1, bila ada. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinaruhusu makato yanayotajwa na sheria, mkataba wa hali bora (wa mwajiri na chama cha wafanyakazi), amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, au deni ulilokubali kwa maandishi. Hata makato ya hasara yasizidi robo ya mshahara. Tozo ya mwajiri haimo humo.

Angalia kalenda. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi yana siku 60 za kufikishwa CMA. Kama mshahara huingia siku ya mwisho ya mwezi, Februari ilikufa 29 Aprili. Utaomba kuongezewa muda kwa fomu namba 2 na kueleza sababu. Machi inaisha 30 Mei. Kabla ya hapo muandikie mwajiri kwa barua pepe, aya moja: namba za slipu, namba za benki, tofauti, ombi la maelezo ndani ya siku 7. Usimuulize mdomo mdomo.

Chanika_2 – 9 Mei 2024
Nimetuma barua pepe jana. Leo HR kaleta "marekebisho ya mkataba": basic 400,000, posho ya nyumba na usafiri 500,000, tarehe imeandikwa 2 Januari 2024. Anataka sahihi leo. Mwenzangu wa 600,000 pengo lake ni 24,000.

Kokotoo – 9 Mei 2024
Basi ni SDL na WCF. Na posho za kila mwezi za namna hiyo zinaingia kwenye PAYE vilevile, hazikuokoi kodi.

KaziNaSheria – 9 Mei 2024
Usisaini. Karatasi hiyo ikikubalika kuwa ya Januari, inampa mwajiri maelezo ya 400,000 kwa miezi yote uliyolalamikia. Omba nakala uisome nyumbani. Akikataa, mwandikie barua pepe kwamba uliletewa tarehe 9 Mei ikiwa na tarehe ya Januari. Ukibanwa sana, saini lakini andika tarehe ya leo kwa mkono wako pembeni ya sahihi, na upige picha kabla haijatoka mezani.

Fomu ya CMA ipeleke wiki hii, usingoje zile siku 7 zifike.