"Endesha tu itazoea": mafundi mnatuulia difu halafu mnatuambia tuvumilie

Wakuu leo imenifika shingoni, lazima niseme. Hivi ni nani aliwaambia mafundi kwamba kraunwili na pinioni mpya (zile gia mbili za ndani ya difu, kile kibuyu cha gia cha ekseli ya nyuma kinachozungusha tairi) zikilia dawa yake ni kuendesha mpaka zizoeane??? Nimelipa seti kamili, nimelipa ufundi, gari inatoka gereji nikikanyaga mafuta inalia wiiiii kuanzia kama 60 hivi, nikiachia mguu mlio unabadilika unakuwa mwingine, narudi naambiwa "bosi hizo ni gia mpya, zipe muda". Nikarudi tena naambiwa niweke oili nzito zaidi. Oili nzito! Yaani tufunike mlio, meno yaendelee kulana humo ndani. Haina tofauti na wale wauza magari wa zamani waliokuwa wanatia vumbi la mbao kwenye difu ili mnunuzi asisikie kitu.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Kraunwili na pinioni zinatoka kiwandani zikiwa pea, zimeshasagwa pamoja kule kule, ndo maana namba iliyochorwa kwenye hii unaikuta na kwenye ile na huwezi kuchukua moja ya seti hii ukaoanisha na ya seti nyingine. Sasa kama zimeshazoeana kiwandani, wewe unataka zizoeane nini tena barabarani? Kipindi cha mwanzo kipo ndiyo, unaendesha taratibu dakika kumi na tano ishirini, unaacha ipoe kabisa, unarudia, huvuti trela wala hubebi mzigo mzito kama km 800 za mwanzo, halafu unamwaga oili unaweka mpya. Hiyo ni kwa ajili ya joto, meno mapya yanapata moto sana. Haijawahi kuwa dawa ya difu iliyofungwa vibaya, na ikianza kula vibaya ndo inaharibika jumla, hata uje kuipanga upya baadaye mlio unabaki kwa sababu meno yameshajichonga hivyo.

Nikaipeleka kwa fundi mwingine tukafungua kava nikiwa nimesimama pale pale. Oili ya juzi tu ina unga wa chuma unang'aa. Akashika flenji ya pinioni, ile sahani inapofungwa propela shafti, akaitikisa, INACHEZA. Akaweka dayal geji, kile kipimo cha mshale kama saa, kwenye jino la kraunwili, uchezo (nafasi kati ya meno ya gia hizo mbili) 0.45 mm, wakati kitabu cha hii difu kinataka kati ya 0.15 na 0.20. Akapaka rangi ile ya njano ya kuonyesha meno yanagusana wapi kwenye meno machache, akazungusha huku kraunwili imezuiwa kidogo ipate uzito, alama zikatokea juu kabisa kwenye ncha za meno badala ya katikati. Maana yake pinioni imekaa mbali na kraunwili, ilitakiwa isogezwe kwa shimu (zile ringi nyembamba za kurekebisha nafasi) nene zaidi. Ile rangi ni kazi ya dakika chache jamani! Yule wa kwanza angepaka tu mara moja angeona, lakini hata kopo la rangi sidhani kama analo. Shimu za zamani alizirudisha kama zilivyokuwa, sawa, wengi wanaanzia hapo, ila unaanzia hapo halafu unapima, huanzii hapo ukafunga kava ukaita mteja aje na hela.

Kilichonitoa machozi ni ile sliv ya kubonyea, kibomba kifupi cha chuma kinachokaa katikati ya beringi mbili za pinioni. Ile ni ya kutumika mara moja. Unapokaza nati inabonyea kidogo kidogo, na wewe unazungusha pinioni kwa spana ya kupimia mkazo unasikiliza ugumu wake, unakaza robo unapima, unakaza kidogo unapima, mpaka ifike. Ukipitiliza hulegezi nati ukajifanya hujaona, unatoa unaweka sliv nyingine unaanza upya. Ndo kazi ilivyo, inachosha, na ndo tunayoilipia. Yule fundi wa kwanza karudisha sliv YA ZAMANI ambayo ilishabonyea miaka hiyo, kachomeka bomba refu kwenye spana akakaza kwa nguvu zake zote akaona imetosha. Sliv iliyokufa haishiki, nati ikaanza kulegea, pinioni ikawa inaingia na kutoka, hapo hiyo rangi na hizo shimu zingesaidia nini?

Na sliv mpya ilikuwemo kwenye boksi la seti!! Beringi mpya zilikuwemo, sili ilikuwemo, bolti mpya za kraunwili zilikuwemo, nililihesabu mwenyewe kabla ya kumkabidhi. Tumefungua tumekuta beringi za zamani zina michubuko. Zangu ziko wapi? Nimempigia anasema "zile za zamani zilikuwa bado nzima". Kama zilikuwa nzima mbona mpya hujanirudishia? Huo ni wizi, nisipindishe maneno.

Halafu wakuu hii si sehemu ya kuchezea. Pinioni ikijam ukiwa kwenye mwendo tairi za nyuma zinaweza kufunga hapo hapo. Familia inapanda hilo gari.

Nimeshawaambia gereji ninachotaka: seti nyingine mpya kwa gharama yao maana hii imeshaliwa, beringi zangu zirudi, na kazi irudiwe na mtu mwenye dayal geji, vipimo viandikwe kwenye karatasi na nione alama za rangi kabla kava haijafungwa. Hawataki, basi hela yote irudi. Picha za meno ninazo, oili yenye unga nimeihifadhi kwenye chupa, sliv ya zamani iko kwangu. Aliyewahi kuidai gereji kwa kazi ya difu akafanikiwa aniambie alianzia wapi na walimkubalia kwa ushahidi gani, kesho asubuhi niko mlangoni kwao.