Uji kwenye chujio: nitumie nini badala ya asidi kali kuyeyusha zinki?

Mpondamawe: Wakuu, habari za kazi. Nina mbale ya zinki, kaboneti zaidi, salfaidi (zinki iliyoungana na salfa) hakuna. Nilisaga gramu 50 nikamiminia asidi ya salfuriki. Ikafoka hadi mezani. Asubuhi nakuta chombo kimejaa uji mzito, karatasi ya kuchujia imeziba, hata tone halipiti. Kimiminika chenyewe cha njano, na nikikitia chokaa napata tope lingine la kutupa. Nataka kitu rafiki wa mazingira, nimefikiria asidi ya sitriki, ile ya kwenye ndimu. Au nitumie bakteria?

Chumvichumvi: Bakteria sahau. Acidithiobacillus ferrooxidans, bakteria anayetumika kuyeyusha mbale, huishi kwa salfa na chuma ambacho bado hakijaoksidika. Kwenye jiwe lako lisilo na salfaidi atakufa njaa.

Mfoko wa kasi namna ile ni kaboneti ya kalisi, inakunywa asidi yako bure. Sitriki nayo italiwa vilevile, na chuma itakiyeyusha. Njano uliyoiona ndicho hicho chuma. Uji sasa: usilaumu mchanga, kwazi haiyeyuki katika salfuriki. Una silikati ya zinki humo, pengine hemimofiti. Ikiyeyuka inaachia silika, nayo inaganda kama jeli, ndiyo uji wako.

Hamia upande wa alkali, kinyume cha asidi. Changanya amonia na kaboneti ya amonia. Zinki hushikana na amonia ikabaki kwenye maji. Chuma na kalisi hubaki kwenye masalia. Chuja, koroga na unga kidogo wa zinki ili shaba, risasi na kadimiamu zijitenge, chuja tena, kisha pasha moto. Amonia itatoka na zinki itatua ikiwa unga mweupe. Ukiuchoma unapata oksidi.

Mpondamawe: Amonia ndiyo rafiki wa mazingira? Macho yangu yanakataa.

Chumvichumvi: Ukiiachia hewani, si rafiki wa mtu. Funga chombo, mvuke upitishe kwenye maji baridi, uutumie tena mzunguko unaofuata. Usipoirudisha, bora ubaki na asidi yako. Na silikati itachelewa kuyeyuka, usitegemee kupata zinki yote.

Mpondamawe: Mrejesho. Imechujika vizuri, maji yamepita bila rangi kabisa, na masalia yamebaki mekundu vilevile kama jiwe lilivyokuwa. Sijapima kiasi bado. Mfuniko wangu unavuja, nimehamishia kazi chini ya feni ya kutolea hewa mpaka nipate mpira wa kuziba.