Wicket, JSF au Spring MVC kwa mfumo wenye fomu kibao?

mchapakodi
Wakuu habari. Kuna mfumo natakiwa kuandika kwa Java, fomu kibao, mtu anajaza peji ya kwanza anaenda ya pili, ya tatu, mpaka anatuma. Niko kati ya freimwoki tatu za kujengea tovuti kwa Java: Wicket, JSF na Spring MVC yenye Thymeleaf (ya kutengeneza HTML). Bosi anataka jibu wiki hii. Ipi nzuri?

baba_null
Nzuri kwa nani mkuu? Timu ina watu wangapi, watumiaji je? Data inakaa wapi mtu akiwa katikati ya hatua? Hujasema kitu hapo.

dada_seva
Chukua Spring MVC ulale. Fomu inajaza objekti yako kwa @ModelAttribute, makosa unayakuta kwenye BindingResult (iweke hapohapo baada ya modeli, ukiisogeza inagoma). Ukishasevu rudisha "redirect:" ili mtu akirifreshi asitume mara mbili.

kibanda_cha_java
Hatua tatu Spring utaanza kubeba data kwa @SessionAttributes (kwenye sesheni ya mtumiaji), mtu akifungua tabu mbili zinaingiliana. Wicket peji ni objekti ya kawaida, unaandika setResponsePage(new PejiYaPili(modeli)) umemaliza. CompoundPropertyModel unaiweka kwenye fomu mara moja, kila kiboksi kinajitafutia propati yake kwa wicket:id.

mzee_wa_servlet
Wicket tamu mpaka ikulize. Kuna mradi tuliurithi, waliotutangulia walikuwa wanapitisha orodha nzima ya wateja kwenye konstrakta na kuishika kama fildi ya peji. Sasa Wicket inatunza peji ili kitufe cha kurudi nyuma kifanye kazi, kwa hiyo kila mtu akibonyeza kitu orodha yote inaandikwa diski tena, asubuhi seva iko poa, mchana inahema. Na data ya zamani juu, umebadilisha jina peji nyingine, ukirudi unakuta lilelile la mwanzo. Dawa ni LoadableDetachableModel, unashika id tu, load() inaleta kutoka databesi, ombi likiisha inaachia. Ila kuibadilisha kila mahali aisee, maana hata klasi za ndani zisizo na jina zilikuwa zimeng'ang'ania vitu usivyoviona.

kibanda_cha_java
Hiyo ni code mbaya, si Wicket. Hata Spring, ukiipa fomu entity (objekti ya databesi) yenyewe, mjanja anaongeza admin=true kwenye ombi na setter (methodi ya kujaza fildi) ikiwepo inajazwa kimyakimya.

dada_seva
Nani kasema naipa entity?? Natumia DTO (objekti ya kubeba data ya fomu tu) siku zote.

kijana_wa_react
Mbona mnajitesa, fomu zote JavaScript, Java itoe JSON tu.

baba_null
Hajauliza hilo, na validesheni ya seva utaiandika vilevile. JSF haina mtetezi? Tangu 2.0 ya mwaka 2009 si lazima uandike navigation-rule (kanuni ya kutoka peji hii kwenda ile) kwenye faces-config.xml, methodi inarudisha jina la peji unahamia.

mzee_wa_servlet
Na ViewExpiredException mtu akiacha fomu wazi sesheni ikafa?

mchapakodi
Asanteni sana. Nilisahau, seva ni Java 8 na hawataki kuipandisha.

baba_null
Sasa hilo si ndio la kuanza nalo!! Spring Boot 3 (Spring iliyofungashwa tayari) inataka Java 17, Wicket 10 nayo 17, Wicket 9 inataka 11.

kibanda_cha_java
Wicket 8 basi, inakubali.

dada_seva
Boot 2.7 pia inakubali. Tomcat ni ya ngapi hapo? Kama ni 10 kuna habari ya javax na jakarta (majina ya paketi yalibadilika).

kijana_wa_react
Java 8 😂