Kutoka Taiwan hadi Thailand: Sony inaturuka, kisha inataka tudanganye tunakoishi

Wakuu, habari za wakati huu. Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo nimeivumilia kwa zaidi ya miaka miwili, na ninaomba mnisome hadi mwisho kabla ya kuniambia kwamba haya ni mambo ya watoto.

Tuanze na ukurasa wenyewe. Anayefungua akaunti mpya ya PlayStation Network, mtandao ambao wenye mashine za michezo za Sony huutumia kununua michezo na kucheza na wenzao, hutakiwa kutaja nchi anayoishi, na hapewi nafasi ya kuiandika mwenyewe bali hupewa orodha achague. Orodha ya Kiingereza imepangwa kwa alfabeti. Ukishuka nayo polepole hadi herufi T utaikuta Taiwan, na chini yake Thailand. Tanzania, ambayo kialfabeti ingekaa katikati ya hizo mbili, haipo. Rudi juu uitafute Kenya: kutoka Japan unaangukia Korea na Kuwait. Uganda nayo imerukwa kati ya Turkey na Ukraine. Burundi, Rwanda na Kongo usijisumbue kuzitafuta. Oman ipo, kwa hiyo ndugu zetu wa Muscat wanaozungumza Kiswahili nyumbani wanaweza kujiandikisha kwa nchi yao bila hofu, ilhali binamu zao wa Unguja na Pemba hawawezi. Katika Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara, nchi inayotambuliwa ni Afrika Kusini.

Mtandao huu ulianza Novemba 2006 pamoja na PlayStation 3. Tangu hapo zimekuja PlayStation 4 mwaka 2013 na PlayStation 5 mwaka 2020, na mashine zote hizo zimejaa katika maduka ya Kariakoo, ya Nairobi na ya Mombasa, na katika mabanda ya gemu kila mtaa, ambako vijana wanashikilia pedi zilizochakaa na kulipia mechi moja moja. Miaka inakaribia ishirini, na bado mteja wa huku hana mstari wake kwenye orodha.

Sasa niwakumbushe yaliyotokea Mei 2024, kwa sababu naona wengi wameshasahau.

Mchezo wa Helldivers 2 ulitoka tarehe 8 Februari mwaka huo kwa PlayStation 5 na kwa kompyuta. Ulitengenezwa na Arrowhead, studio ya Stockholm nchini Sweden, na mchapishaji wake ni Sony. Bei yake ilikuwa dola 40, yaani zaidi ya shilingi laki moja za Tanzania, na katika majuma 12 ya mwanzo ziliuzwa nakala milioni 12. Kwa upande wa kompyuta uliuzwa kupitia Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, ambalo linawauzia watu wa nchi zetu siku zote bila kuwauliza maswali ya ajabu. Ukurasa wa mauzo ulisema kwamba akaunti ya PlayStation inahitajika, lakini sharti hilo lilisimamishwa siku za mwanzo kwa sababu seva zilikuwa zimeelemewa, na wachezaji wakaruhusiwa kuliruka. Watu wakacheza miezi mitatu bila tatizo lolote. Kisha tarehe 3 Mei ikatoka taarifa kwamba sharti linarudi: wachezaji wapya kuanzia tarehe 6 Mei, na waliokwisha kununua wawe wameunganisha akaunti ifikapo tarehe 4 Juni.

Fikirieni maana yake kwa mtu aliye Arusha au Kisumu. Ameshalipa, ameshacheza na wenzake usiku kucha, halafu anaambiwa afungue akaunti ambayo kwa mujibu wa orodha ya kampuni hiyo hiyo haiwezi kufunguliwa katika nchi yake. Na kwa nini Sony ilikubali kuchukua pesa katika nchi ambazo ilijua fika kwamba haizihudumii? Swali hilo ndilo lililowasha moto. Ndani ya siku tatu maoni hasi zaidi ya laki mbili yaliandikwa kwenye ukurasa wa mchezo huo, na katikati ya vurugu hiyo mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177, yetu yakiwemo. Mkuu wa Arrowhead wa wakati huo, Johan Pilestedt, aliomba radhi na kukiri kwamba alijua kuhusu sharti hilo miezi kadhaa kabla ya mchezo kutoka. Sony ikatangaza kwamba imeliondoa.

Kila mahali watu walishangilia kwamba wachezaji wameshinda. Mimi sikushangilia, na nitaeleza kwa nini. Sharti liliondolewa, lakini zile nchi 177 hazikurudishwa sokoni siku ile. Waliokwisha kununua walibaki na mchezo wao. Aliyetaka kuununua kesho yake kutoka Dar es Salaam alikuta mlango umefungwa. Tukafungiwa kwa sababu ya sharti ambalo tayari halikuwepo! Kisha Mei hiyo hiyo ikaja Ghost of Tsushima ya kompyuta, nayo ikazuiwa katika nchi hizo hizo, ingawa akaunti ilihitajika kwa sehemu ya kucheza na wenzako tu na hadithi yenyewe ungeweza kuicheza peke yako. Septemba ikaja God of War Ragnarök, mchezo wa mtu mmoja mwanzo hadi mwisho, nao ukadai akaunti. Mtu anacheza peke yake chumbani kwake, hashindani na yeyote, akaunti ya mtandao ni ya nini?

Januari 2025 Sony ilitangaza kwamba akaunti itakuwa hiari kwa baadhi ya michezo hiyo, na baadaye mwaka huo baadhi yake ikaanza kurudishwa sokoni katika nchi nyingi zilizofungiwa. Sawa, nimeona, na sitaki kuonekana mtu asiyeshukuru. Lakini marekebisho hayo yaliwahusu wanaotumia kompyuta. Mwenye PlayStation yenyewe, aliyelipia mashine nzima, bado anakutana na orodha ile ile inayotoka Taiwan na kutua Thailand.

Najua jibu ambalo wengine wameshaanza kuliandika: "Fungua akaunti ya Marekani au ya Dubai, mbona kila mtu anafanya hivyo?" Jibu hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu limetuzoeza kuuona udanganyifu kuwa utaratibu wa kawaida. Masharti ya huduma yanamtaka mtumiaji atoe taarifa za kweli, na kampuni imejiwekea haki ya kumfungia anayekiuka masharti hayo. Kwa hiyo kila Mtanzania mwenye akaunti ya Falme za Kiarabu ameshakiuka masharti tangu dakika ya kwanza, na maktaba yake yote, iwe ya michezo miwili au sitini, inakaa kwa huruma ya kampuni. Siku akigombana nayo kuhusu malipo, kitu cha kwanza atakachoulizwa ni anwani yake. Atajibu nini?

Naomba niwaeleze kisa kimoja cha nyumbani kwangu. Mpwa wangu wa kidato cha pili alikusanya pesa kwa miezi ili alipie PlayStation Plus, yaani uanachama wa kulipia wa mtandao huo, ya mwezi mmoja, kwa sababu bila hiyo asingeweza kucheza mpira mtandaoni na binamu yake aliyeko Mombasa. Akaunti yake alifunguliwa na fundi wa duka moja mjini, ambaye alimwandikia Falme za Kiarabu bila hata kumuuliza. Wiki kadhaa baadaye akaenda duka jingine, akauziwa vocha ya dola 10, namba ya siri ikiwa imechapishwa kwenye kikaratasi chembamba kama risiti ya benki. Tulikaa naye mbele ya runinga, yeye akisoma herufi moja moja na mimi nikizibonyeza kwa pedi. Ikakataa. Tukarudia mara tatu, tukadhani tumechanganya sifuri na herufi O. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba vocha ilikuwa ya Marekani, na vocha ya nchi moja haiingii kwenye akaunti ya nchi nyingine. Tuliporudi dukani, muuzaji alisema vocha ikishafunguliwa hairudishwi. Kijana hakusema neno njia nzima tukirudi nyumbani. Alikikunja kile kikaratasi akakitia mfukoni, na kesho yake nilikikuta bado kiko mezani pake.

Muuzaji alikosea, na nilimwambia hivyo usoni. Lakini biashara yote hii ya vocha za kubahatisha imekua mahali ambapo mlango rasmi haupo. Orodha ingekuwa na Tanzania, mtoto yule angelipa kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni za simu, kama tunavyolipia huduma nyingine nyingi za nje, na angekuwa na mahali pa kulalamika.

Lipo pia suala la usalama wa taarifa zetu, ambalo halizungumzwi kabisa. Aprili 2011 wadukuzi waliingia katika PlayStation Network, taarifa za akaunti zipatazo milioni 77 zikawa hatarini, na mtandao ukazimwa kwa zaidi ya majuma matatu. Januari 2013 mamlaka ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa taarifa iliitoza Sony faini ya pauni 250,000, na iliweza kufanya hivyo kwa sababu Waingereza walikuwa wamo kwenye mtandao ule kama Waingereza. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake, na Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019. Mtu aliyejiandikisha kama mkazi wa Dubai aende kwa nani siku taarifa zake zikivuja? Kwenye vitabu vya kampuni, Mtanzania huyo hayupo.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Tarehe 23 Aprili 2024, siku kumi tu kabla ya sakata la Helldivers 2, ulitoka mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau. Aliyeuongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, kupitia studio yake ya Surgent. Ameeleza hadharani kwamba ulitokana na majonzi ya kumpoteza baba yake. Ndani yake yumo Zau, mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake. Mchezo huo unaweza kuuchagulia sauti za Kiswahili. Nasema sauti, si maandishi ya chini ya picha: wahusika wanazungumza lugha yetu. Siku hiyo hiyo ulipotoka, Sony iliuweka katika PlayStation Plus Extra, ili wanachama waucheze bila kulipa zaidi ya ada yao.

Mwanachama wa Poland aliweza kuusikia mchezo huo kwa Kiswahili siku ya kwanza, kihalali, akiwa amekaa kwenye kochi lake. Mtu wa Tanga, wa Lamu, wa Bukavu au wa Bujumbura hakuweza, isipokuwa aseme kwanza kwamba haishi Tanga, wala Lamu, wala Bukavu, wala Bujumbura. Nimekuwa shabiki tangu enzi za PlayStation ya kwanza, na sijawahi kuhisi kudharauliwa kama nilivyohisi siku nilipoyaweka mambo hayo mawili pamoja. Lugha yetu imekubaliwa kuingia dukani. Sisi wenyewe tumeachwa nje.

Msiniambie kwamba Sony haiijui Afrika. Oktoba 2023 ilitangaza mfuko wa dola milioni 10 wa kuwekeza katika kampuni changa za burudani barani humu, na Januari 2024 ikawekeza katika Carry1st, kampuni ya michezo ya simu yenye makao Afrika Kusini. Wala msiniambie kwamba kodi ni ngumu, kwa sababu tangu 2022 Tanzania ina utaratibu uliorahisishwa wa kuzisajili kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali, na wengine wanauza. Kama kuna kikwazo cha kweli, kitajwe kwa jina, tujue tunasubiri nini.

Jambo hili linazidi kuwa la haraka kwa sababu diski inaondoka. PlayStation 5 Pro iliyotoka Novemba 2024 haina sehemu ya diski hadi uinunue pembeni. Kwa miaka yote hii diski ndiyo iliyotuokoa: unanunua mkononi, unacheza, unamuuzia mwenzako, hakuna anayekuuliza unaishi wapi. Kizazi kijacho cha mashine kikija bila diski kabisa, akaunti ndiyo itakayokuwa mchezo wenyewe.

Ninachokitaka ni mstari mmoja kati ya Taiwan na Thailand, na ruhusa ya kuhamishia akaunti zilizopo kwenye nchi za kweli bila mtu kupoteza alivyonunua. Ninaandaa barua ya kuwatumia Sony na nakala kwa Tume ya Ushindani, na nisingependa iwe na kisa cha mpwa wangu peke yake. Mwenye akaunti aliyewahi kufungiwa, kukataliwa kadi au kupoteza michezo kwa sababu ya nchi aliyojiandikisha, aandike hapa chini: mwaka gani, akaunti ya nchi gani, na alijibiwa nini. Namba za akaunti na barua pepe msiziweke hadharani.