MREJESHO: Hesabu za mbia mwenzangu aliyefariki, duka la Moshi

Wakuu, niliuliza hapa nimlipe nani na kiasi gani baada ya mbia wangu kufariki Mei. Duka la vifaa vya ujenzi, Mbuyuni, nusu kwa nusu, mkataba wa mdomo. Limeisha, asanteni.

Mahakama ya Mwanzo imemteua mjane kuwa msimamizi wa mirathi, hivyo hesabu nimempa yeye tu. Kaka wa marehemu walipokuja na madai yao niliwanywesha chai.

Mhasibu alifunga vitabu vya hesabu kwa tarehe ya kifo, hakungoja Desemba. Tukahesabu stoo upya, mpaka misumari ikapimwa kwa kilo. Mtaji wa marehemu milioni 18, nusu ya faida tangu Januari milioni 3.2, nusu ya thamani ya jina la duka milioni 2. Tukatoa laki 5, nusu ya hasara ya mabati yenye kutu, na milioni 1.7 alizokuwa ameshachukua. Ubishi ulikuwa hapo: saruji ya nyumba yake ya Machame. Nikafungua daftari, kila mstari una sahihi yake. Shemeji, yaani mjane, akasema, "Huu mwandiko ni wake," basi.

Ikabaki milioni 21. Taslimu hiyo nani anayo? Imeandikwa vitabuni kama deni kwa mirathi, nalipa kila robo mwaka na riba tuliyokubaliana kwa maandishi.

Sasa nahangaika na BRELA (usajili wa biashara) na TRA (kodi), maana ubia wa mtu mmoja haupo.